Pampu ni ya ruzuku, fundi ni wa nani?

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu hivi, kazi zilinibana na sina kisingizio kingine. Leo sitaandika kuhusu programu mpya wala simu mpya. Nataka tuzungumze kuhusu ruzuku za serikali kwa kilimo endelevu: pampu za sola, mitambo ya biogesi, umwagiliaji wa matone, matangi ya kuvuna maji ya mvua. Na hasa nataka tuzungumze kuhusu jambo ambalo halijawahi kuandikwa kwenye bango la mradi wowote niliowahi kupita karibu nao, yaani ni nani atalipa gharama za kuviendesha vitu hivi baada ya mheshimiwa kukata utepe, kupiga picha na kurudi Nairobi.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mwenye haraka aende zake. Serikali inalipia kununua na inaacha kuendesha. Kununua ndiyo nusu iliyo rahisi. Na pesa zile zile, bila kuongeza hata shilingi moja, zingeweza kugawanywa vizuri zaidi.

Mtauliza mtu wa tarakilishi ameingiaje shambani. Kwanza, nani katika nchi hii hana shamba la mtu wake mahali fulani? Pili, sisi tunaoandika programu tunaujua ugonjwa huu kuliko wengi. Mteja anakuja, anauliza mfumo ni bei gani, mnakubaliana, unaandika, analipa, mnasalimiana kwa furaha. Mwezi wa nne anapiga simu kwa hasira kwamba mfumo haufunguki. Unaangalia, unakuta seva haijalipiwa, jina la tovuti limeisha muda, salio la kutuma ujumbe limekwisha. Kuandika programu ni gharama ya mara moja. Kuiweka hai ni gharama ya kila mwezi, na hii ya pili haina sherehe.

Nilifanya kazi kidogo na ushirika mmoja wa maziwa, jina nalihifadhi. Walikuwa wamepata msaada wa kuweka kumbukumbu za maziwa kwa njia ya kisasa. Msaada uliruhusu mizani ya elektroniki, tarakilishi mbili, mafunzo na mfumo wenyewe. Haukuruhusu gharama yoyote inayojirudia. Mwaka wa kwanza kila mkulima alipata ujumbe kwenye simu jioni: lita ngapi, jumla ngapi tangu mwezi uanze. Watu waliupenda ujumbe ule kwa sababu uliwapa ushahidi siku ya malipo. Mwaka wa pili salio likaisha na hakuna kifungu cha bajeti kilichokuwa na jina lake. Karani akarudi kwenye kitabu cheusi. Nilipomuuliza akaniambia, "Kijana, kitabu hakiitishi bando." Sikuwa na jibu.

Sasa tuende shambani. Mtu akisikia pampu ya sola anafikiri gharama zimeisha kwa sababu jua ni la bure. Na paneli yenyewe kweli ni mzee mvumilivu, hukaa miaka 20 na zaidi ikioshwa vumbi na isipopigwa mawe. Lakini paneli si pampu. Mchanga kwenye kisima hula sehemu zinazozunguka ndani ya pampu. Kidhibiti, kile kisanduku kinachokaa kati ya paneli na pampu, huungua kikiingiwa na maji, na mijusi hupenda sana kulala ndani yake. Chujio huziba. Mipira ya matone huzibwa na chumvi ya maji, hutafunwa na panya na hukatwa na jembe la mtu anayepalilia akiwaza mambo mengine. Kuna askari wa usiku, maana paneli inayofungwa kwenye nguzo inaweza pia kufunguliwa. Kuna ada za kutumia maji, kwa sababu kuchota maji ya ardhini au ya mtoni kwa ajili ya umwagiliaji kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Na kuna fundi, ambaye mara nyingi yuko mjini, na nauli yake ya pikipiki inazidi bei ya kipuri anachokuja kubadilisha.

Hebu tupige hesabu. Nambari hizi ni zangu za kuelezea tu, usizipeleke benki. Tuseme kikundi cha watu 25 kinapata mtambo wa shilingi 400,000, serikali inatoa 280,000 na kikundi kinachanga 120,000. Kila mwaka fundi na nauli yake ni 12,000. Chujio na vali 6,000. Mipira ya matone ya 60,000 inabadilishwa kila baada ya miaka 3, kwa hiyo ni 20,000 kwa mwaka. Pampu ya 90,000 itahitaji kununuliwa upya baada ya miaka 6, kwa hiyo weka akiba ya 15,000 kwa mwaka. Laini ya simu ya kifaa cha kufuatilia, 2,400. Jumla 55,400. Ongeza askari wa 3,000 kwa mwezi na unafika 91,400.

Zidisha kwa miaka 5. Bila askari, kikundi kitatumia 277,000, karibu sawa na ruzuku yote waliyopewa. Pamoja na askari ni 457,000, zaidi ya bei ya mtambo mzima siku uliponunuliwa.

Mtu atasema 91,400 ukigawa kwa watu 25 ni kama shilingi 300 kwa mwezi kila mmoja, na nyanya zikiuzwa vizuri hizo si pesa. Kweli kabisa. Ndiyo maana sisemi kwamba mitambo hii ni ghali mno. Inaweza kujilipa. Shida ni kwamba gharama haziji shilingi 300 kila mwezi kwa adabu. Zinakuja siku moja, zikiwa 40,000, wiki ambayo mimea inatoa maua na mfuko wa kikundi una 6,000. Kikundi kikishindwa siku hiyo, mazao yanakauka. Mazao yakikauka, hakuna pesa ya kutengeneza pampu msimu unaofuata. Kutoka hapo ni kuteremka tu. Ile 120,000 waliyoichanga kina mama kwa kuuza kuku inabaki pale shambani, paneli zikitazama jua na hakuna kinachozunguka.

Sasa mnaona kwa nini ruzuku ya siku ya kwanza haitoshi. Na sizungumzi juu ya kitu cha kufikirika. Kenya imekuwa na miradi mikubwa ya aina hii. NARIGP ilifanya kazi katika kaunti 21 na KCSAP katika kaunti 24, yote ikifadhiliwa na Benki ya Dunia, yote ikifikia mwisho wake 2023. Utaratibu wake ulikuwa mzuri kuliko ule wa zamani wa kumwaga vitu kutoka kwenye lori: wakulima walijiunga katika vikundi, vikundi vikaandika mapendekezo ya miradi midogo, navyo vikachangia sehemu yao. Mimi naupenda utaratibu huo. Lakini mradi una tarehe ya kufungwa na pampu haina. Mtambo uliowekwa miezi sita kabla ya mradi kufungwa utaharibika wakati ofisi ya mradi imeshakuwa stoo, na afisa aliyejua namba ya fundi amehamishiwa kaunti nyingine.

Biogesi ina hadithi yake pia. Mpango wa kitaifa wa biogesi ya nyumbani ulianza 2009 kwa msaada wa Uholanzi, na mwanzoni mkulima alipewa ruzuku ya shilingi 25,000 kwa kila mtambo. Kujenga kuba la chini ya ardhi ni kazi ya fundi mzuri kwa siku kadhaa. Kuliendesha ni kazi ya kila asubuhi ya Mungu: ndoo za samadi, ndoo za maji, kuchanganya, kumimina. Ng'ombe wakiuzwa kulipa karo, gesi imeuzwa pamoja nao. Mpira wa jiko ukipasuka na duka lenye mpira huo likawa mbali, mama anarudi kwenye kuni jioni hiyo hiyo, na kurudi kwenye kuni kukikaa miezi miwili hakuna tena anayekumbuka kuchanganya samadi.

Hapa ndipo ninapokasirika kidogo, mnisamehe. Tukiuliza kwa nini serikali hailipii gharama za uendeshaji, tunajibiwa kwamba hizo ni gharama zisizo na mwisho, haziwezi kubebwa na umma. Lakini serikali hiyo hiyo inazibeba! Mbolea ni nini kama si gharama ya uendeshaji? Inaisha kila msimu, inanunuliwa tena kila msimu. Septemba 2022 mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku ulishushwa hadi shilingi 3,500, na 2023 ukashushwa tena hadi 2,500. Ikajengwa sajili ya wakulima ya kidijitali, ujumbe wa vocha ukatumwa kwenye simu, mkulima akaenda ghala la NCPB kuchukua mifuko yake. Mwaka 2024 tuliona mbolea bandia ikiuzwa ndani ya mpango huo huo na waziri wa kilimo wa wakati huo akapelekwa mbele ya kamati ya bunge, lakini hata kelele zile hazikuvunja wazo lenyewe. Wazo kwamba umma unaweza kumsaidia mkulima kulipa gharama za kila msimu limeshakubaliwa nchini. Hakuna haja ya kubishana juu yake.

Sasa mtazame mkulima mwenye biogesi. Tope linalotoka kwenye mtambo wake ni mbolea, na ni mbolea nzuri. Akilitumia hahitaji mifuko mingi ya ruzuku. Maana yake ameiokolea hazina ya taifa pesa ya kila mfuko alioacha kuchukua. Anapata nini? Hapati hata mpira wa jiko. Jirani yake anayefuata njia ya zamani anasaidiwa kila msimu. Yeye aliyefuata njia ambayo kila hotuba inaisifu alisaidiwa siku moja, akaachwa. Kama ningekuwa nimepewa kazi ya kuandika mfumo wa kuwavunja moyo watu wa kilimo endelevu, ningeuandika hivyo hivyo.

Wapo wanaopinga ruzuku kabisa, na hoja yao si ya kupuuzwa. ApproTEC, ambayo baadaye iliitwa KickStart, ilianza hapa Kenya 1991 na ikauza pampu za kukanyaga kwa miguu za MoneyMaker. Waanzilishi wake walishikilia kwamba pampu iuzwe, isigawiwe, kwa sababu anayelipa hutunza na biashara huzaa maduka na mafundi. Leo kampuni kama SunCulture zinauza pampu za sola kwa malipo ya polepole na kuzifuatilia kupitia mtandao. Hapo kuna somo kubwa: kampuni inayolipwa kidogo kidogo kila mwezi ina sababu ya kutaka pampu yako izunguke, maana ikisimama na wewe utasimamisha malipo. Mkandarasi aliyelipwa yote siku ya uzinduzi hana sababu hiyo. Sikubaliani kwamba soko peke yake litamfikia kila mtu, kwa sababu mkulima wa eneo kavu mwenye robo eka hana mshahara wa kumwonyesha muuzaji. Lakini ile sababu ya kutaka pampu izunguke, hiyo ndiyo ninayotaka serikali iikope.

Kabla hamjanishangilia, kulipia uendeshaji kunaweza kuharibika vibaya. Mfano mbaya kuliko yote ninayoijua haukutokea Afrika. Ulitokea Ayalandi ya Kaskazini, na ulihusu wakulima wa kuku.

Mwaka 2012 serikali ya huko ilianzisha mpango uliojulikana kwa kifupi kama RHI. Lengo lilikuwa watu wa biashara na wakulima waache mafuta, wachome vipande vya mbao iliyosagwa na kukandamizwa. Wafugaji wa kuku wanahitaji joto jingi kwenye mabanda, kwa hiyo wengi wakajiunga. Malipo hayakuwa ya kununulia tanuri tu. Yalikuwa kwa kila yuniti ya joto iliyopimwa na mita, kwa miaka 20. Yaani serikali ililipia uendeshaji, kama ninavyodai mimi.

Mpango kama huo ulikuwepo tayari England, Scotland na Wales, na Ayalandi ya Kaskazini ilinakili. Ila kuna kipande hawakukinakili. Kwa wenzao, matanuri madogo na ya kati yalilipwa bei ya juu kwa saa 1,314 za kwanza za mwaka, ambazo ni asilimia 15 ya saa zote 8,760, kisha bei ikashuka. Kwa lugha yetu:

kama saa_za_mwaka <= 1314: bei = bei_ya_juu
la_sivyo: bei = bei_ya_chini

Mistari miwili. Bila mistari hiyo, bei ya juu ililipwa mwaka mzima, na bei hiyo ilikuwa kubwa kuliko gharama ya kuni zenyewe. Kila ulivyochoma ndivyo ulivyopata faida. Kukawa na madai ya mabanda matupu yanayopashwa joto. Mwanamke mmoja mfanyabiashara aliwaonya maafisa tangu 2013, hakusikilizwa. Kikomo kikawekwa Novemba 2015, lakini watu walikuwa wameshasikia, wakakimbilia kujiandikisha kabla mlango haujafungwa. Mpango ukafungwa kwa waombaji wapya Februari 2016. Makadirio ya wakati ule yalisema gharama ya ziada ingeweza kufika pauni milioni 490. Januari 2017 Martin McGuinness alijiuzulu unaibu wa waziri wa kwanza kwa sababu ya sakata hiyo, serikali ya pamoja ikavunjika, na haikurudi mpaka Januari 2020. Uchunguzi wa Jaji Patrick Coghlin, uliotoka Machi 2020, ulisema chanzo kikuu hakikuwa ufisadi bali mrundikano wa makosa na mambo yaliyosahaulika. Na wakulima waliokopa benki kwa kuamini ahadi ya miaka 20? Malipo yao yalikatwa vibaya 2019, waaminifu na wajanja kwa pamoja.

Nimeisoma hadithi hii mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye kazi. Kinachonivutia ni kwamba mita hazikuwa na kosa. Mita ilisema kweli: joto hili limetoka. Fomula ndiyo iliyokuwa mbovu. Sisi watu wa teknolojia tukiona wizi shambani tunakimbilia kuongeza vifaa vya kupima, kana kwamba kipimo bora kinaweza kuponya kanuni mbaya. Hakiwezi. Kipimo bora kitakuletea hasara kwa usahihi mkubwa zaidi.

Na kwa pampu za maji hatari ni ile ile, ila kinachopotea si pesa tu. Ukimlipa mkulima kwa kila lita, utamaliza kisima. Hata usipomlipa, jua ni la bure, na pampu ya sola haina ankara ya dizeli ya kumwambia inatosha sasa, zima. Wahindi wameliona hili. Jimbo la Gujarat lilianzisha 2018 mpango wa SKY ambapo mkulima anauza umeme wa paneli zake kwenye gridi, ili jua lisilotumika kuvuta maji lisiwe hasara kwake.

India pia ndiyo iliyonipa nusu ya jibu. Mpango wao wa kitaifa wa PM-KUSUM ulianza 2019. Kwa pampu za sola zinazojitegemea, serikali kuu ilitoa asilimia 30, jimbo asilimia 30, na mkulima akatafuta zilizobaki, sehemu yake ikiwa mkopo. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni masharti kwa muuzaji: matengenezo ya miaka 5 yamo ndani ya bei, kuna mfumo wa kufuatilia pampu kutoka mbali, na kuna simu ya msaada kwa lugha ya wenyeji. Lugha ya wenyeji, jamani! Sisi tunapeana miongozo ya kurasa 60 ya Kiingereza, halafu tunashangaa kidhibiti kimefungwa nyaya kinyume.

Haya, basi mimi ningefanyaje? Rudi kwenye hesabu yetu ya 280,000. Toa 200,000 siku ya kununua. Zilizobaki 80,000 zigeuze kuwa vocha za matengenezo kwa miaka 5, zikipungua: 30,000 mwaka wa kwanza, kisha 20,000, 15,000, 10,000 na 5,000. Zinapungua kwa sababu shamba linatakiwa liwe linaanza kujibeba, na kwa sababu kikundi kinatakiwa kijifunze kuweka akiba huku mkono wa mtu bado uko karibu. Vocha isiende kwa mkandarasi wa uzinduzi. Iende kwenye simu ya mweka hazina wa kikundi, kama ile ya mbolea, na ilipwe kwa fundi aliyesajiliwa katika kaunti baada ya kikundi kuthibitisha kwamba pampu inafanya kazi. Fundi mwenye pampu 40 zenye vocha ana sababu ya kufungua duka la vipuri kwenye soko la karibu badala ya kukaa mjini akisubiri simu.

Na kipimo? Usipime lita. Pima utayari. Kifaa kidogo chenye laini ya simu kinaweza kutuma ujumbe mfupi mara moja kwa siku: kidhibiti kina umeme au hakina, pampu ikiwashwa inazunguka au haizunguki. Mtandao wa zamani wa simu unatosha kwa ujumbe wa aina hiyo, huhitaji 4G kutuma "ndiyo". Anayeacha pampu izime kwa sababu mvua imenyesha asipoteze kitu, na anayeiendesha usiku na mchana asipate kitu cha ziada. Kikomo kiwe kwenye fomula tangu siku ya kwanza, kwa maandishi, ili mkulima ajue tangu mwanzo kwamba mwaka wa sita hakuna kitu. Watu wa Ayalandi ya Kaskazini hawakuumizwa na malipo madogo, waliumizwa na ahadi iliyobadilika njiani.

Kuna shimo katika pendekezo langu na naliona. Ruzuku ya siku ya kwanza ikishuka kutoka 280,000 hadi 200,000, kikundi kinatakiwa kitafute 200,000 badala ya 120,000. Vikundi maskini zaidi vitaachwa nje, na ndivyo tulivyotaka kuvifikia. Njia moja ni SACCO ikopeshe ile tofauti ya 80,000 kwa kuwa inajua matengenezo yamelipiwa, maana mkopo wa pampu yenye fundi si hatari kama mkopo wa pampu isiyo na fundi. Njia nyingine ni kununua pampu ndogo. Sijali sana hiyo ya pili. Ni afadhali robo eka inayomwagiliwa kwa miaka kumi kuliko eka nzima iliyomwagiliwa kwa misimu mitatu. Lakini najua robo eka haipendezi kwenye picha ya uzinduzi, na picha ya uzinduzi ina wapiga kura wake.

Jambo la mwisho ni data. Vifaa hivi vitajua kikundi gani kina maji, lini na mazao gani yanakaribia kuvunwa. Dalali wa nyanya angelipa vizuri kujua hayo wiki mbili mapema. Sheria ya Ulinzi wa Data tunayo tangu 2019, kwa hiyo mkataba wa ruzuku useme wazi kwamba taarifa za pampu ni za kikundi, na kaunti inaona tu kile inachohitaji ili kulipa vocha. Hili nalo ni la kuandikwa mwanzoni, kabla ya zabuni ya mfumo.

Nimeanza kuandika kielelezo kidogo cha hesabu hii, ambapo unaweka bei ya mtambo wako, idadi ya wanachama na ruzuku uliyopata, nayo inakuonyesha mwezi ambao mfuko wa kikundi utakauka. Kinachonikosesha usingizi ni nambari za kweli za kuharibika. Kama uko katika kikundi chenye pampu ya sola au mtambo wa biogesi wenye umri wa zaidi ya miaka 3, niandikie mambo matatu: kilichoharibika kwanza, kilichukua siku ngapi kutengenezwa, na pesa zilitoka mfukoni mwa nani. Majina ya watu na vikundi sitayaweka popote.